Hedifoni za wazi kwa bei ya kawaida: Porta Pro, HD 668B, SHP9500 au SR60x?

Mtu akiniuliza anunue hedifoni gani za wazi, nami humuuliza swali moja kabla hata hajataja pesa: chumbani unalala na nani?

Wengi hucheka wakidhani nataka umbea. Lakini jibu la swali hilo huamua zaidi ya nusu ya ununuzi. Hedifoni tulizozizoea zimezibwa nyuma. Kile kispika kidogo cha ndani hutoa sauti pande mbili: mbele kuelekea sikioni, na nyuma kuelekea kwenye kikombe cha plastiki, na ile ya nyuma hubaki humo ikigonga kuta. Hedifoni za wazi nyuma zina wavu tu. Sauti ya nyuma inatoka, inakwenda zake, na muziki unasikika kama umekaa chumbani badala ya kukaa katikati ya fuvu. Masikio pia hayafukutiki, jambo ambalo mtu wa Tanga au Mombasa mwezi wa Februari halihitaji kuelezwa. Sennheiser walitoa za kwanza za aina hii mwaka 1968, HD 414, zenye mito ya sponji ya njano, na kanuni ni ile ile hadi leo.

Kasoro nayo ni ile ile. Unachosikiliza wewe, aliye kando yako anakisikia, kama redio ndogo iliyofunikwa kwa kanga. Na ya nje yanaingia bila hodi: feni ya dari, jenereta ya jirani, mvua juu ya bati. Kwenye daladala au matatu utaongeza sauti hadi ujiumize. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na hedifoni za wazi kwenye kelele zinakuvusha hapo haraka bila wewe kujua. Kama unazitaka za safarini, au mtoto mchanga amelala mita moja kutoka kwako, tafuta zilizozibwa tu.

Kama bado upo, tuendelee.

Ninachokipima

Nimechagua nne ambazo zimekuwa zikiuzwa Marekani kwa dola 100 hivi au pungufu: Koss Porta Pro, Superlux HD 668B, Philips SHP9500 na Grado SR60x. Zikifika kwetu, nauli na ushuru huongeza, kwa hiyo chukua bei kama ngazi: Superlux na Koss ziko chini, Philips katikati, Grado juu.

Kila moja nimeipima kwa mambo manne. La kwanza ni sauti, na hapa napima kwa muziki tunaosikiliza sisi. Taarab ya okestra kubwa, yenye fidla, ganuni na akodioni kwa pamoja, hukuonyesha mara moja kama hedifoni inaweza kutenganisha vyombo. Dansi na rumba hukuonyesha magitaa: solo, rithimu na besi kila moja mahali pake. Bongo fleva, singeli na amapiano hupima besi. Tahadhari moja: rekodi nyingi za zamani, zikiwamo za enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, ni za mono. Sauti yote hukaa katikati hata ukivaa hedifoni za bei gani, kwa hiyo usinunue za wazi kwa matumaini kwamba zitakutandazia bendi nzima ya miaka ya sabini kutoka ukuta hadi ukuta.

La pili ni jinsi zinavyokaa kichwani. La tatu ni kama simu yako inaziweza. Hapa kuna namba mbili: omu, yaani ukinzani wa umeme, na desibeli, yaani zinapaza kiasi gani kwa nguvu ndogo. Omu chache na desibeli nyingi maana yake hazihitaji amplifaya. Kwa bahati zote nne zinaitika kwa simu ya kawaida, hivyo sitakaa sana hapa. Simu nyingi za bei ya chini za Tecno, Infinix na Samsung bado zina tundu la pini ya milimita 3.5. Apple waliliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016 na wengine wakafuata. Kama simu yako haina, nunua adapta yenye chipu ya sauti ndani yake. Zile za bei ya karanga ambazo ni waya mtupu, simu nyingi hazizitambui kabisa, na utarudi dukani kugombana.

La nne ndilo ninalolipa uzito kuliko watu wengi: vipuri. Waya na mito. Hedifoni zangu za kwanza za maana, chapa siitaji, zilikufa sikio la kushoto baada ya miezi saba. Waya ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, pale unapoingia kwenye kikombe, na haukuwa wa kuchomoka. Fundi redio alizifungua kwa bisibisi ya saa, akachomea risasi upya, zikapona. Wiki tatu baadaye zikafa tena, sentimita mbili juu ya pale pale. Waranti ilikuwepo kwenye karatasi, ila karatasi ilisema nizirudishe kwa gharama yangu nchi ambayo nauli yake ilizidi bei ya hedifoni zenyewe. Sauti kali kidogo au besi pungufu, sikio hulizoea ndani ya wiki mbili. Sikio bubu halizoeleki.

Koss Porta Pro

Umbo ni la mwaka 1984 na halijaonewa aibu: utepe mwembamba wa chuma, vikombe viwili vidogo vya duara, sponji nyeusi. Koss ni kampuni ya Milwaukee, ile ile iliyotoa hedifoni za stereo za SP/3 mwaka 1958.

*Sauti.* Zina besi nono kuliko unavyotegemea kwa kitu chepesi kiasi hiki, na sauti ya mwimbaji ina joto. Juu zimepoa kidogo. Bongo fleva inakaa vizuri sana humo. Taarab ya watu ishirini inabanana. Fidla zinakuwa kundi moja badala ya kuwa watu mbalimbali. Faida yake ni kwamba nyimbo zilizobanwa vibaya, zile za kujaziwa kwenye memori kadi kibandani, hazikuudhi.

*Kichwani.* Zinakaa juu ya sikio bila kulizunguka, nyepesi hadi unazisahau. Pembeni kuna kitelezi cha kuchagua zibane kiasi gani. Balaa ni ule utepe: ni vipande viwili vinavyoteleza, na katikati yake hunasa nywele. Mwenye kipara hatajua ninachosema. Dada yangu mwenye rasta huzivaa juu ya kilemba, na tatizo limekwisha.

*Simu.* Omu 60, desibeli 101. Hakuna shida.

*Vipuri.* Sponji ni rahisi na unazibadilisha kwa vidole. Waya hauchomoki. Ila zinakunjwa hadi kutoshea kiganjani, na kitu kinachowekwa vizuri hukatika waya polepole zaidi. Feki zipo, ukiziona kwa robo ya bei, unajua.

*Zinamfaa* anayetembea nazo ndani ya nyumba, jikoni, barazani, anayetaka kusikia akiitwa, na anayependa besi bila kujali upana wa sauti.

Superlux HD 668B

Superlux ni Wataiwani, na hizi ni "nusu wazi": nyuma kuna matundu lakini si wavu mtupu. Zinavuja kidogo kuliko nyingine tatu, ingawa bado zinavuja.

*Sauti.* Kwa bei yake inashangaza jinsi zinavyochambua. Kila kitu kimewekwa mezani: kidole kikiteleza kwenye uzi wa gitaa, mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti. Lakini juu ni kali. Sauti za "s" na "sh" huchoma, na matoazi hukwaruza. Kwenye rekodi safi utavumilia, pengine utapenda. Kwenye faili lililobanwa hadi kilobiti 128 na kupitia simu za watu watano, utazivua kabla wimbo haujaisha. Dawa ni ikwalaiza ya simu, pale unapoongeza au kupunguza besi na sauti za juu: punguza desibeli chache maeneo ya kilohezi 8 hadi 10, kisha sikiliza tena ule wimbo ulioudhi. Watu wengi wanaozisifu hawakuambii kwamba wamefanya hivyo.

*Kichwani.* Badala ya mto wa utosini kuna mabawa yanayojirekebisha yenyewe, unavaa tu. Mito ni ya ngozi bandia na haina kina, masikio makubwa yatagusa ndani. Ngozi bandia kwenye joto hutoa jasho, na baada ya muda hubanduka vipande vyeusi vinavyobaki shavuni. Hii inapunguza faida mojawapo ya kununua hedifoni za wazi pwani. Wengi huibadilisha kwa mito ya kitambaa cha mahameli.

*Simu.* Omu 56, desibeli 98. Utapandisha sauti kidogo zaidi kuliko kwa Koss, basi.

*Vipuri.* Waya unachomoka, na mito ya kubadilisha inapatikana kwa urahisi kwa kuwa ukubwa wake ni wa kawaida. Kwa hesabu ya miaka mitatu, hili ni jambo kubwa.

*Zinamfaa* mwenye bajeti finyu na mikono isiyotulia: anayependa kurekebisha, kubadilisha mito, kucheza na ikwalaiza. Pia mwanafunzi wa muziki au prodyuza wa chumbani anayetaka kusikia makosa yake.

Philips SHP9500

Hapa nitakaa kidogo, maana ndizo nilizo nazo kichwani ninapoandika.

*Sauti.* Kispika ni cha milimita 50, na nyuma ni wavu mtupu. Ukiinua kwenye mwanga unaona ng'ambo. Kati ya hizi nne ndizo zinazoipa sauti nafasi pana kuliko zote. Weka taarab iliyorekodiwa vizuri kwa stereo na utaweza kunyoosha kidole: ganuni hapa, akodioni kule, waitikiaji nyuma kidogo. Katikati, panapokaa sauti ya binadamu, ni safi, na juu pana mwanga bila kuchoma. Besi ipo, ni nyepesi na ya haraka, ila haishuki hadi chini kabisa. Ukipiga amapiano utasikia besi, hutaihisi. Kwa mtu aliyekulia kwenye spika za harusi hili ni pengo la kweli na ikwalaiza hulijaza nusu tu.

*Kichwani.* Zinazunguka sikio zima, mito ni ya kitambaa kinachopitisha hewa, na saa tatu zinapita bila masikio kuwashwa. Lakini hazibani. Ukiinama kuokota kitu, zinakutangulia sakafuni. Ni za kukaa kitini. Tena ni kubwa na hazikunjiki, usifikirie begi.

*Simu.* Omu 32, desibeli 101. Rahisi kuliko zote.

*Vipuri.* Kikombe cha kushoto kina tundu la kawaida la milimita 3.5. La kawaida kabisa, halina umbo la ajabu wala kufuli ya chapa. Maana yake waya ukikatika unashuka Kariakoo, au Luthuli Avenue kama uko Nairobi, unanunua ule waya wa pini kwa pini wa kuunganishia simu na redio ya gari, unachomeka, umemaliza. Mimi nimeshabadilisha mara mbili, na mara ya pili ilikuwa saa mbili usiku kwenye duka la vocha. Upande mwingine wa shilingi ni mito: imegandishwa. Kuibandua kunahitaji kisu, subira na roho ngumu, na mito mipya lazima uipime kabla ya kununua. Dukani siku hizi utakutana pia na SHP9600, mdogo wake; mengi ya hapa yanahusu hata hizo.

*Zinamfaa* msikilizaji wa nyumbani anayekaa chini na albamu nzima, wa taarab, dansi, jazi, kwaya, na anayefanya kazi ya kompyuta siku nzima kwenye chumba cha peke yake.

Grado SR60x

Grado ni kampuni ya familia, ilianza Brooklyn, New York, mwaka 1953. SR60x ilitoka 2021 kwa bei ya dola 99, na inafanana na kifaa cha rubani wa zamani: vikombe vyeusi, fito mbili za chuma, sponji, hakuna pambo.

*Sauti.* Hizi ni hedifoni za magitaa. Sebene likianza, lile gitaa la solo linakuja mbele hadi karibu uone vidole. Ngoma za ngozi, tarumbeta, sauti ya mwanamke anayeimba kwa nguvu: zote ziko hai kuliko kwenye Philips, na karibu zaidi. Ukaribu huo ndio bei yake pia. Nafasi ni ndogo, bendi imekuja mezani kwako badala ya wewe kwenda ukumbini. Besi ya chini kabisa haipo. Saa moja ni raha tupu. Saa tatu sikio linaomba radhi.

*Kichwani.* Zinakaa juu ya sikio, na sponji ina ukwaruzo ambao wengine huuzoea na wengine hawauzoei kamwe. Hili huwezi kulijua kwa kusoma; lazima uvae.

*Simu.* Omu 38, simu inaziweza bila wasiwasi. Waya wenyewe ni mnene kama wa pasi, unaonekana kichekesho ukichomekwa kwenye simu ya mkononi.

*Vipuri.* Sponji ni za kubadilisha kwa vidole, na utazibadilisha, kwa sababu sponji yoyote huishia kusagika. Waya hauchomoki. Tena vikombe huzunguka bila kikomo, na kila vikizunguka waya hujisokota. Jizoeze kuziweka mezani kwa namna ile ile kila siku. Na usizisikilize karibu na mtu: zinavuja kama spika.

*Zinamfaa* mpenzi wa rumba, dansi na muziki wa ala anayesikiliza kwa kituo, peke yake, na ambaye anatunza vitu.

Uchague vipi

Kama unakaa chumba kimoja na mwenzako ambaye hulala mapema, jibu halimo humu. Kama mnakaa chumba kimoja lakini naye huwa macho na ana TV yake, HD 668B zitamsumbua kidogo kuliko nyingine.

Ukiwa na pesa ya ngazi ya chini na hutaki kugusa ikwalaiza wala kubadilisha mito, chukua Porta Pro. Ukiwa na pesa hiyo hiyo na unapenda kuchokonoa, Superlux zitakupa zaidi baada ya wiki mbili za marekebisho. Uko mbali na mji, fundi wa karibu ni wa baiskeli? Tazama SHP9500 au HD 668B, kwa sababu waya unachomoka. Mbili zilizobaki zitakutia jaka moyo siku waya utakapokatika.

Muziki wako ukiwa ni singeli na amapiano kwa asilimia tisini, Porta Pro ndiyo pekee humu isiyokunyima besi, na hata hivyo fikiria zilizozibwa. Ukiwa ni taarab, SHP9500. Ukiwa ni magitaa, vaa SR60x dukani kwa dakika kumi kamili. Dakika mbili zitakudanganya, maana ukali mzuri hupendeza mwanzoni. Nenda na simu yako na wimbo unaoujua hadi mahali mwimbaji anapokohoa, na usikubali kuonyeshwa kwa wimbo wa muuzaji.

Unaweza kusikia mtu akikuambia ongeza pesa ununue Sennheiser HD 560S, zilizotoka mwaka 2020. Ni nzuri kweli, ila zina omu 120 na bei yake si ya ngazi hii. Zipe nafasi kama tayari una adapta yenye nguvu au amplifaya ndogo.

Na kama umefika hapa kwa sababu hedifoni zako za zamani zimekufa sikio moja, subiri kwanza. Washa wimbo, shika waya pale unapoingia kwenye pini, ukunje taratibu huku na huku, kisha fanya hivyo hivyo pale unapoingia kwenye kikombe. Sauti ikikatika na kurudi, peleka kwa fundi redio na umwonyeshe kwa kidole ni wapi, asije akaanza kwa kufungua kusiko na ugonjwa.